Uji wa Farasi wa Baharini

Farasi wa baharini akila hutoa mlio. Tik. Ni kama mtu amevunja kijiti cha kibiriti katika chumba cha pili. Zamani ungeniambia kuna mlio kama huo ningekucheka mpaka magego yang'oke, maana mimi ni mtu wa Mitunguu, mtu wa ndizi, na maji ya chumvi niliyoyajua ni yale ya kuchemshia githeri. Lakini niliishi miezi nikiusikiliza mlio huo kwa roho mkononi, kwa sababu ulipotoka ndipo ndugu yangu alipokubali kula.

Huyo ndugu yangu ndiye kitinda mimba wetu. Mimi ni wa kwanza, yeye wa mwisho, na katikati yetu hakubaki mtu. Nilimbeba mgongoni mpaka mgongo ukakaa umbo lake. Alipomaliza shule alishuka pwani, akapata kazi katika hoteli moja ya watalii, na kazi yenyewe ilikuwa kutunza samaki wa kioo kikubwa cha kufugia kilichokuwa pale wanapopokelea wageni. Akija nyumbani Krismasi aliongea Kiswahili laini kama siagi, mpaka mama akawa anauliza huyu mtoto anaimba au anaomba chai. Mimi naye tulishindana. Nilikuwa nimerudi shule ya jioni, darasa la watu wazima, na nikapata cheti changu cha kidato cha nne katika umri ambao wenzangu walikuwa wakibembeleza wajukuu. Siku nilipokichukua nilitembea nacho sokoni wazi wazi mkononi, na nakuhakikishia hata mbuzi walinipisha. Ndugu yangu alinipigia simu akaniita profesa, na akaniita hivyo mpaka alipougua. Alipougua alirudia kuniita dada.

Alirudi akiwa na mizigo miwili. Mmoja ulikuwa kooni. Ulianza na ugali kukwama, halafu githeri, halafu ndizi ya kuponda ambayo hata kichanga hula, na mwishowe chai yenyewe ikawa inasimama njiani inafikiri kama ishuke au irudi. Majirani walikuwa na majibu yote: ni chai ya moto ya huku kwetu, ni miraa ya ujana, ni upepo wa bahari. Daktari hakubishana na mtu. Alimtoboa tumboni, akampachika mpira mwembamba unaochungulia nje kama mzizi, akatuonyesha jinsi ya kummiminia chakula humo kwa bomba kubwa la sindano.

Mzigo wa pili ulikuwa sanduku la barafu lisilokuwa na barafu. Ndani mlikuwa na mifuko ya nailoni iliyojaa maji na hewa, na ndani ya mifuko, farasi wa baharini wawili, dume na jike. Hoteli ilikuwa imevunja kile kioo, na bosi akamwambia achukue hao wawili kwa sababu ndio aliowapenda. Walinishinda kuwaelewa. Urefu wao haufiki kidole, kichwa cha farasi, mkia wa kinyonga, na dume ana kitambi cha mwenyekiti wa chama cha ushirika. Hawaogelei, wanasimama wima kama watu wanaongoja kuhojiwa. Jicho moja linakuangalia wewe, la pili linaangalia mambo mengine.

Tuliwawekea kioo sebuleni, pale televisheni ilipokuwa, na televisheni ikahamia chini ya kitanda bila malalamiko. Maji yalikuwa ya mvua, yamechanganywa na chumvi ya bahari aliyokuja nayo kwenye gunia. Mitunguu nzima ilipita kuwaona. Wengine walisema ni dawa. Wengine walisali kwanza.

Tatizo lilikuwa chakula. Farasi wa baharini hali kitu kilichokufa. Umwekee nyama, umwekee dagaa, umwekee karamu ya harusi, atakuangalia kwa jicho moja mpaka afe njaa. Anataka kinachotembea. Na hana tumbo la kuhifadhia. Chakula kinapita ndani yake kama mwanafunzi mtoro: kinaingia langoni, kinatokea nyuma ya ua. Kwa hiyo lazima ale asubuhi, ale mchana, ale jioni, na ukikosa siku moja unaanza kuziona mbavu zake, na yeye mwenyewe ni mbavu tupu tangu mwanzo.

Chakula chao kilikuja kwenye kopo. Ndugu yangu alikiita atemia. Ni vidudu vya jamii ya kamba wa baharini, na kopo lilikuwa limejaa mayai yake, makavu, ya kahawia, laini kama vumbi. Yakikaa makavu yanalala miaka. Ukiyatia maji ya chumvi yanaamka. Ukiyaona bila kuambiwa ungeapa ni ugoro, na mama yangu, ambaye ana mtoto wa jicho pande zote mbili na huona dunia kama mtu aliye ndani ya chandarua, hakuambiwa. Alilipapasa kopo rafuni, akabana kidogo kwa vidole, akavuta. Kisha akasema ugoro wa pwani hauna nguvu. Ndugu yangu alicheka mpaka akashika mpira wake tumboni kwa mikono miwili. Sikumsikia tena akicheka kwa sauti.

Alinifundisha kazi yote. Unakata kitako cha chupa kubwa ya soda, unaifunga kichwa chini kwenye nondo za dirisha, unatia maji ya chumvi na kijiko kidogo cha mayai, unaingiza mrija wa hewa kutoka kwenye pampu ya stima ili maji yachemke mapovu bila kupoa wala kupata moto. Kesho yake maji yamekuwa rangi ya chungwa, na ukiangalia karibu, hiyo rangi inatembea. Unazima hewa. Maganda yanaelea juu, na wale walio hai unawaita chini kwa mwanga wa tochi, wanaufuata wote kama waumini. Unawachuja kwa leso safi. Hao ni wadogo mno kwa farasi wakubwa, kwa hiyo wengine unawalea katika beseni nje, kwenye jua, maji yawe ya kijani, na unawalisha pumba laini za mchele wa Mwea, umezipepeta kwa kitambaa mpaka ziwe kama poda ya mtoto. Kidogo tu. Ndugu yangu alirudia hilo neno mpaka nikaliota: kidogo tu, dada, zikizidi zinaoza, maji yanakosa hewa, wote wanakufa. Mama alikuwa akikaa kando kwenye kigoda chake, akisikia mkono wangu ukipepeta unga juu ya beseni.

Atemia wakikua wanafikia ukubwa wa punje ya mtama, wanaogelea chali, miguu yote juu ikipiga makasia. Ukiwamwaga kwenye kioo, farasi wanaamka. Dume anasogeza kichwa taratibu, taratibu, kama fundi saa, mdomo wake mrefu kama mrija ukimkaribia mmoja. Halafu tik, na yule hayupo.

Ndugu yangu alikuwa amekataa ule mpira wake. Si kwamba ulimuuma. Aliuonea haya. Alisema yeye si gari la kutiwa mafuta. Nilimwomba, nilimtania, nilimtishia kwa cheti changu cha kidato cha nne, nilimwambia uji wenyewe umepikwa na profesa. Aligeukia ukuta. Mama alikuwa akikaa mlangoni anasikiliza bomba la sindano likirudi mezani limejaa. Yeye mwenyewe hakuthubutu kuugusa ule mpira. Mikono yake hutetemeka, na aliogopa kwamba atauvuta utoke na matumbo.

Asubuhi moja nilikata tamaa, nikaacha uji upoe, nikaenda kulisha farasi maana wao angalau hawanigeukii ukuta. Nikamwaga atemia. Nikasikia nyuma yangu kandambili zinaburuta. Alikuja akaketi kwenye kochi, blanketi mabegani, akatazama. Dume alikula. Jike akala. Tik, tik, mpaka maji yakawa matupu.

"Dada," akasema, "tufanye hivi. Hawa wakila, na mimi nitakula. Wakigoma, usinibembeleze."

Nilikubali mbio mbio kabla hajabadilisha maneno. Na tangu siku hiyo hapakuwa na farasi wa mfalme yeyote, katika nchi yoyote, waliotunzwa kama wale wawili. Nikawa mkulima wa vidudu, mhandisi wa mapovu, mpishi wa viumbe wasiopikiwa. Migomba ilikosa kupaliwa, magugu yakawa marefu hata ungeweza kuficha nyumba ya ghorofa ndani yake. Stima ikipotea, na Mitunguu stima hupotea kama mume mlevi, nilichukua pampu ya baiskeli nikawapulizia hewa kwa mkono, na ndugu yangu ananihesabia mapigo kama kocha. Alipoona wamekula, alinyanyua shati mwenyewe. Mimi namimina, yeye anawatazama. Hakuuangalia ule mpira hata mara moja. Aliangalia kioo, na uji ukashuka.

Sasa kuhusu uji. Kwetu mwanamke akijifungua, wanawake wenzake humletea uji wa wimbi, mzito, umechachuka vizuri, anywe apate nguvu na maziwa. Mgonjwa naye huletewa. Zamani ulikuja kwa kibuyu, siku hizi unakuja kwa jagi la plastiki lenye kifuniko, lakini sheria ni ile ile: chombo hakirudi na uji. Kikirudi na uji, ni kama umewaambia waliouleta kwamba mtu wao hali tena, wakaanze kutafuta turubai za matanga. Kwa hiyo akina mama wa kanisa walipoleta, nilichukua kidogo nikakichuja na kukilainisha kwa ajili ya mpira, na kilichobaki, ambacho ni karibu chote, tulikunywa mimi na mama. Jagi likarudi safi. Akina mama wakaenda wakimshukuru Mungu kwamba mgonjwa anakula sana. Nikanenepa. Hilo nalisema bila mzaha: ndugu yangu alikonda kiunoni na mimi nikanenepa kiunoni, kwa uji huo huo, mpaka sketi zikakataa kufunga, na nilipokutana na watu njiani waliniambia nimependeza.

Halafu kitambi cha dume kikaanza kukua. Ndugu yangu alikuwa akijua tangu mwanzo, akaningoja niseme mwenyewe. Nikasema huyu anakula sana. Akasema hapana, ana mimba. Kwa hao viumbe mke hutaga mayai ndani ya mfuko wa mume, na mume ndiye hubeba, ndiye huzaa. Mama aliposikia aligonga goti, akacheka, akasema basi huko baharini kuna haki. Alimwomba mwanawe arudie. Alipomaliza kurudia, mama hakucheka tena. Alisogeza uso wake karibu na kioo ambacho hawezi kukiona vizuri, akamwamkia yule dume kwa Kimeru, jinsi mtu anavyomwamkia mja mzito.

Tuliishi kwa ajili ya hiyo mimba. Nadhani hakuna siku ambayo ndugu yangu alikataa chakula katika kipindi hicho. Uso ulirudiwa na rangi. Alinituma nianzishe chupa nyingine za atemia, dirisha zima likawa na chupa zimening'inia zinachemka mapovu, ungedhani ni duka la mganga. Watoto wa farasi, alisema, hula wale atemia waliototolewa siku hiyo hiyo, na hula bila kupumzika, na wengi hufa hata baharini kwenyewe. Alitaka mmoja tu akue. Hakusema kwa nini na sikumuuliza.

Dume alizaa asubuhi, jua likiwa limefika kwenye kioo. Alijikunja, akajinyoosha, akajikunja, na kila alipojinyoosha wakatoka, wingu la vitu vidogo kama mkato anaouweka mwalimu katikati ya sentensi, lakini kila mkato una kichwa cha farasi na mkia unaotafuta cha kushika. Walishikana wao kwa wao. Ndugu yangu alipiga magoti mbele ya kioo, yeye ambaye hata kuketi kulikuwa kazi, akawahamisha kwa kikombe mpaka kwenye beseni jeupe tulilolitayarisha pembeni. Tukamwaga atemia. Ukiweka sikio karibu na maji ulisikia, au mimi nilisikia, kitu kama mvua ya mbali sana. Siku hiyo hakungoja nimwambie. Alikula, akalala na dawa yake ya maumivu, mdomo ukiwa umefunguka kidogo kama wa mtoto.

Ilikuwa siku ya lori. Lori la ndizi huja soko letu siku yake, na ukilikosa, mikungu yako inaivia mikononi mwako. Nilimwambia mama kwamba yule mzazi amejifungua salama, watoto wako kwenye beseni, mgonjwa amelala, na sitachelewa. Nikaenda. Nilipanga mikungu yangu kwenye foleni, nikawaambia watu wote niliokutana nao kwamba nyumbani kwangu mwanamume amezaa, wakafurahi, wakaongeza yao.

Akina mama wa kanisa walikuja nikiwa huko. Mama aliwapokea, akawaambia mgonjwa amelala, wakasali sebuleni, wakatoka kukaa barazani kungoja chombo chao, kama ilivyo desturi. Yeye akabaki na jagi limejaa mkononi. Kumlisha mwanawe hawezi. Mimi sipo. Alikuwa amekwisha kunywa uji wa jana, tumbo limejaa, na hata hivyo aliniambia baadaye kwamba alijaribu kikombe kimoja kikamshinda. Akafikiria. Mle ndani kulikuwa na mzazi aliyejifungua asubuhi hiyo na hakuna mtu aliyempa uji. Na unga wanakula, si amekuwa akinisikia nikiwapepetea unga kila siku?

Nilijua kabla sijafika mlangoni. Harufu ya uji uliochacha ilinipokea nje. Kioo kilikuwa cha kahawia chote, kama kimejazwa chai ya maziwa, na uji mzito umelala chini kwenye mchanga. Mama alikuwa kwenye kigoda, uso wake umetulia kama mtu aliyemaliza kazi ya haki.

"Mzazi nimempa uji wake," akasema. "Na watoto nimewaonjesha kidogo, wasilale njaa."

Jagi lilikuwa limekwisha kurudi na wenyewe, safi. Kikombe kimoja tu kilibaki mezani, kile kilichomshinda.

Katika beseni wale watoto walikuwa wamenaswa kwenye nyuzi za uji, kama nzi kwenye utandu wa buibui. Sikuona hata mmoja anayejitikisa. Maji ya chumvi yaliyokuwa tayari yalikuwa ndoo moja. Niliingiza mkono ndani ya tope lile nikapapasa kama mama anavyopapasa, nikampata jike, nikamtia ndooni. Nikapapasa tena nikampata dume. Mfuko wake wa kuzalia ulikuwa mtupu umelegea. Nilimshika kiganjani ndani ya maji ya ndoo, nikampuliza, nikamsukuma mbele na nyuma ili maji yapite mashavuni. Mdomo wake ulifunguka mara moja. Haukutoa mlio.

Kelele za ndoo zilimwamsha ndugu yangu. Alikuja akishika ukuta. Alisimama pale akaangalia kioo, akaangalia beseni, akaangalia kiganja changu. Nikafungua mdomo nimweleze, na yeye akatikisa kichwa.

"Nani anamwaga maji?" mama akauliza.

"Ni dada, anasafisha," akajibu. Sauti yake wakati ule ilikuwa mkwaruzo tu, ilibidi uisogelee. "Mama, wamekula vizuri?"

"Wamekula, baba. Walinyamaza wote wakala."

Alikaa kwenye kochi. Alipumua kama mtu aliyepanda kilima. Nilingoja ageukie ukuta, kwa sababu hayo ndiyo makubaliano yetu, na mimi singembembeleza, nilikuwa nimeahidi. Akanyanyua shati.

"Basi nipe na mimi," akamwambia mama. "Wewe mwenyewe."

Mama alisema mikono yake haifai. Akamwambia inafaa. Akanituma nichuje kile kikombe cha uji kwa leso ya atemia, nikaifua kwanza, nikachuja, nikaongeza maji ya moto. Nikamwekea mama bomba la sindano mkononi. Ndugu yangu aliushika mkono wake, akauongoza mpaka kwenye mpira, na hakuuachilia. "Polepole, kama chai ya mgeni," akamwambia. Mama akamimina. Ulimwagika kwenye shati, kwenye blanketi, kwenye kochi, lakini mwingine ulishuka, na mama akausikia ukishuka, akaanza kuongea na mwanawe kwa yale maneno ya kulishia watoto wachanga ambayo sikuwa nimeyasikia tangu nimbebe mgongoni. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye maji yaliyomwagika, dume amelala kiganjani kwangu, nimemfunika kwa mkono wa pili.

Jike aliishi kidogo ndani ya ile ndoo. Alifunga mkia kwenye mswaki niliomwekea, akasimama. Atemia wa beseni la nje walikuwa wazima, wanono, kwa hiyo nilimletea wakubwa kwa wadogo, nikawapitisha mbele ya pua yake. Jicho moja liliwafuata. Lile jingine liliniangalia mimi. Ndugu yangu, ambaye sasa hakutoka kitandani, aliuliza kutoka chumbani kama amekula. Nikachukua kibiriti, nikapiga ukingo wake kwa ukucha. Tik. Nikangoja kidogo, nikapiga tena.

"Dada," akasema, "huyo farasi ana kucha."

Nilikaa sakafuni nikacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akaniambia nimwite mama. Kuanzia hapo alikula kwa mkono wa mama peke yake, hata siku ambazo uji wote ulirudi juu. Mama hakuona unaporudi. Nilikuwa nikipangusa kimya kimya. Alitutoka kabla mvua hazijaanza, mama akiwa ametoka kumlisha, amekwenda kuosha bomba la sindano.

Wenzake wa hotelini walikuja kuzika, watu wapole, wakavaa masweta ya kuazima kwa sababu walidhani Meru yote ni baridi. Walipoondoka mama aliniuliza wale farasi wa mwanawe wako wapi. Basi nikatengeneza hadithi, na hadithi zangu unazijua. Nikamwambia wale wakubwa wamerudi baharini na wenzake, wamebebwa kwenye gari kama mawaziri, na pwani walipokelewa kwa ngoma. Alifurahi. Akauliza, na watoto?

Ningeweza kusema watoto pia. Sijui kwa nini sikusema. Nadhani nilitaka kitu kibaki ndani ya nyumba. Nikamwambia watoto tumebaki nao, tunawalea.

Kwa hiyo bado natia kijiko cha mayai ndani ya chupa. Kesho yake maji yanakuwa ya chungwa na yanatembea. Mama husogeza kigoda chake dirishani, anaweka uso karibu na chupa, na kwa macho yale anaona kitu cha rangi kinapanda na kushuka kwenye mwanga, na hiyo inamtosha. Anawasalimu. Anauliza kama wamekula, nami nasema wamekula, lakini hawali, kwa sababu wakiwa wachanga vile hawana hata mdomo uliofunguka, wanaishi kwa akiba ya yai lao tu, na mimi sikuweza tena kuwalea katika beseni, sikuweza kushika ule unga. Wanakwisha. Nawamwaga chini ya mgomba mama akiwa kanisani, naanzisha wengine.

"Mbona hawakui?" aliniuliza juzi.

Nikamwambia ni wa pwani, hawana haraka. Akaridhika. Uji wake alioletewa na majirani alikuwa ameacha nusu kikombe, akakisukuma kwangu juu ya meza, akaniambia niwape kidogo. Nikakipokea. Nikasimama dirishani mgongo kwake, nikaunywa.

Kopo la mayai nililifungua tena leo asubuhi. Kijiko kinagusa bati.